Ombi la Kugeuziwa Nyumba

Kwa Mheshimiwa Mwenye Nyumba Wetu,
Sydney, Australia.

YAH: OMBI LA KUGEUZIWA NYUMBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji wenu wa nyumba ya serikali, kusini-magharibi mwa Sydney, upande wa Campbelltown, kule ambako basi la jioni hufika likiwa tupu na dereva hututazama kana kwamba sisi ndio tuliompoteza njia. Jina la ofisi yenu sitalitaja. Si kwa kuwastahi. Mmeshabadilisha jina, nembo na rangi ya bahasha mara nyingi kiasi kwamba nachelea barua hii isije ikafika kwa marehemu. Nitawaita Mwenye Nyumba. Hilo hamjawahi kulibadilisha, hasa siku ya kodi.

Nianze kwa shukrani, maana nimelelewa. Katika jimbo hili la New South Wales kaya zaidi ya 50,000 zinangoja nyumba kama yangu, na kwa maeneo mengi ya Sydney orodha rasmi humwambia mtu angoje miaka kumi au zaidi. Kitinda mimba wangu niliandika jina lake kwenye fomu akiwa mgongoni. Siku ya kukabidhiwa funguo yeye ndiye aliyebeba kabati. Kodi ni kama robo ya kipato, si roho ya mtu kama huko kwenye nyumba za watu binafsi. Kwa hiyo mkiniona nimekasirika, jueni ni hasira ya mtu anayekipenda alichopewa, ila anataka kukiingia kwa mlango.

Jumanne iliyopita nilipata kadi ya kumi na nne.

Wenzangu wa mitaa hii hawahitaji kuelezwa kadi. Ni ile ya ukubwa wa kiganja isemayo kwamba fundi alifika, hukuwepo, kazi imefungwa, piga simu uanze upya. Ya kwangu huwa imechomekwa kwenye uzio wa mbao nyuma ya nyumba, kati ya pipa la kifuniko chekundu na pipa la kifuniko cha njano. Siku ya upepo naiokota kwa jirani. Siku ya mvua naisoma kwa kukisia, na sijawahi kukosea.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwepo tangu alfajiri, maana niliambiwa fundi atakuja kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, muda ambao mtu anaweza kujifungua na mtoto akapewa jina. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, ninakotunza wazee, siku nzima bila malipo. Nilivaa viatu ndani ya nyumba, mimi ambaye wageni wangu wote huacha viatu mlangoni, ili hodi ikija nisichelewe nikitafuta ndara. Redio nilizima. Kuanzia saa tano hadi saa nane sikwenda hata msalani. Chai ya fundi, ya tangawizi, niliipasha moto mara tatu.

Saa kumi nikatoka kutupa taka, nikakutana na kadi.

Kinachovuja ni dari ya chumba cha watoto. Ilianza 2022, mwaka wa mvua nyingi kuliko yote katika kumbukumbu za Sydney, kwa hiyo mwanzoni sikumlaumu mtu. Mvua ile hata safina ya Nuhu ingedondosha kidogo. Mvua zile zimekwisha, ila dari haijapata habari. Tuna sufuria mbili na karai. Ukungu umechora ukutani ramani ambayo kila msimu inateka nchi mpya; sasa umefika usawa wa mto wa kulalia, na anayelala hapo hupumua kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Kwa mujibu wa majalada yenu, hata hivyo, dari ni nzima na mwenye kasoro ni mimi. Nilipopiga simu, baada ya muziki mrefu na sauti ya kunihakikishia kwamba ninathaminiwa, kijana mmoja mpole alinisomea kutoka kwenye kompyuta kwamba mimi huwa sipatikani nyumbani. Nikamuuliza kama ananisikia vizuri. Akasema ndiyo. Nikamwambia, basi mwanangu, andika hapo kwamba nakupigia kutoka ndani ya nyumba ambayo simo.

Kwetu sisi kufika si kuegesha gari. Kufika ni kupiga hodi. Mtu anaweza kutoka Mombasa hadi Kisumu akasimama nje ya ua wako kutwa. Kama hakupiga hodi huyo hajafika, anapeleleza. Hodi husemwa mara tatu, na mwenye nyumba akapata nafasi ya kujifunga leso, kufukuza kuku na kuitikia karibu. Fundi wenu hupigia hodi pipa. Pipa, kwa kuwa lina adabu kunizidi, hunyamaza.

Na wala simlaumu sana. Nimemwona mara moja, nikiwa juu ya kigoda kwenye dirisha la jikoni: kijana mwembamba aliyekuwa na kazi nyingine kumi siku hiyo. Alisimama barabarani, akatazama uzio mrefu usio na namba, akatazama simu, akatazama uzio tena, akachomeka kadi. Nilipiga kelele, nikakimbia. Uzio wa nyuma una kilango, lakini kilipigiliwa misumari kabla sijahamia, kwa sababu ya wezi. Ombi la kukifungua ni jalada jingine na lina kadi zake. Kwa hiyo nilitoka mlango wa mbele, nikavuka nyasi, nikapita nyumba nne, nikaingia kichochoro, nikatokea barabarani. Nilikuta moshi.

Hapa wageni hushangaa: kwa nini mlango wa mbele utazame nyasi na jiko litazame barabara? Wenyeji tunajua kisa chake kama watu wanavyojua ugonjwa wa ukoo.

Mwaka 1929, huko Radburn katika jimbo la New Jersey, wasanifu Clarence Stein na Henry Wright walipata wazo jema. Gari ni hatari kwa mtoto. Basi gari lipewe nyuma ya nyumba, mtoto apewe mbele. Barabara ziwe fupi zisizotokea upande wa pili, milango itazame bustani ya wote, watu watembee hadi shuleni bila kukutana na tairi. Wazo likasafiri. Huku lilipokewa na Tume ya Nyumba ya New South Wales, ile iliyoundwa 1942 wakati Sydney ilikuwa imejaa vibanda, na ambayo mapema miaka ya 1960 ilipanda nyumba zipatazo 6,000 huko Green Valley kama mtu apandavyo mahindi, halafu ndipo watu wakaanza kuuliza yako wapi maduka, hospitali na basi. Miaka ya 1970, ilipofika Campbelltown, Tume ilitaka kitu cha kisasa. Airds, Claymore, Minto, Macquarie Fields: sehemu kubwa ikajengwa ikiwa imeipa barabara kisogo.

Radburn yenyewe ilikuwa na chama cha wakazi kinacholipiwa ada ya kutunza bustani. Sisi tulipewa bustani bila mtunza bustani. Bustani ya wote ikawa si ya mtu. Vichochoro vikawa vya aliye na mbio. Na kila aliyepita kwa gari aliona mapipa yetu na nguo zetu za ndani kwenye kamba, akarudi mjini akasimulia watu wa mitaa ile walivyo. Mtu akioneshwa mgongo tu, atasemaje kwamba mwenzake ana sura?

Msidhani nachukia nyasi. Nimezaliwa Kaloleni, Nairobi, mtaa uliojengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika ambao mji uliwahitaji mchana na haukujua pa kuwaweka usiku. Kaloleni na Radburn ni wajukuu wa babu mmoja, lile wazo la Kiingereza la mji wa bustani: nyumba zimezunguka uwanja, na katikati pana ukumbi ambamo wanasiasa wa kupigania uhuru walihutubia watu. Kaloleni ina shida zake, nazo zina barua zake. Lakini mgeni wa Kaloleni alijua aingilie wapi, na kama hakujua alishikwa mkono na mtoto asiyevaa suruali. Huko Nairobi kuna wenye nyumba ambao wakikosana na mpangaji huja wakang'oa mlango wakaenda nao. Ni ukatili, sikatai. Ila lazima kwanza waujue ulipo.

Usiku mmoja wa Julai mwaka jana, jirani yangu, mzee wa Kisamoa, alianguka bafuni. Ambulansi iliitwa, ikaja upesi, ikasimama barabarani. Wahudumu wawili na tochi wakaanza kupita uzio baada ya uzio wakitafuta namba zilizofutika. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele, upande wa nyasi, gizani, anaipungia miti taulo jeupe. Mimi nilikuwa nakimbia kichochoroni nikiwaita kwa lugha mbili. Dakika kumi na moja. Mzee aliishi, na hilo lisiwaliwaze. Mtu alilala sakafuni dakika kumi na moja, ndani ya mji tajiri kama huu, kwa sababu mtu fulani ambaye mlango wake mwenyewe unatazama barabara aliamua sisi tutapenda kutazama nyasi. Na nyinyi mmejua miaka yote hii. Mmejua! Mmekuja mkapiga picha, mkaandika ripoti, mkafunga majalada. Namba ya kubandika kwenye uzio inauzwa dukani kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa, na hamkuleta hata hiyo. Ile iliyoko pale sasa niliichora mimi, kwa rangi ya kucha.

Niwieni radhi. Nilikuwa naandika ombi.

Naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, nyumba yangu izungushwe nusu duara ili mlango wa mbele uwe mbele.

Najua mtanijibu kwamba mambo hayo yalishafanyika. Ni kweli. Katika baadhi ya mitaa hii ilifanyika kazi iliyoitwa kuondoa Radburn: vichochoro vikazibwa, uzio ukahamishwa, na ua wa nyuma ukatangazwa kuwa ndio mbele. Huko ni kumvalisha mtu shati kinyume na kumwambia kisogo chake sasa ni uso. Minto walipewa dawa kali zaidi: mwaka 2002 ilitangazwa kwamba mtaa utabomolewa ujengwe upya, na watu waliokuwa wamepanda miti na kuzika mbwa wao pale wakaanza kutafutiwa pengine. Claymore mpango wa namna hiyo uliidhinishwa 2013. Mimi siombi kubomolewa. Nimeona kwamba nyumba ikishabomolewa mlango wake hauonekani kutoka upande wowote.

Nimefanya uchunguzi, na nimefurahi kugundua kwamba Sydney ina uzoefu wa muda mrefu wa kuzungusha majengo. Australia Square, kazi ya Harry Seidler iliyokamilika 1967, iliwekewa mgahawa unaozunguka kwenye ghorofa ya 47. Mnara wa Sydney, uliofunguliwa 1981, nao ukapewa wa kwake. Hata sisi Nairobi, jumba la mikutano la KICC lilipofunguliwa 1973, hatukukubali kupitwa. Ujuzi upo, basi. Mpaka leo umetumika kumwezesha mtu mwenye sahani ya kamba kuiona bandari nzima bila kugeuza shingo. Mimi sihitaji bandari. Nahitaji nyuzi 180.

Kama gharama ya mnara inawatisha, kuna njia ya kienyeji. Uani kwangu kuna ile kamba ya nguo ya chuma, Hills Hoist, fahari ya nchi hii tangu Lance Hill aanze kuitengeneza huko Adelaide mwaka 1945: nguzo moja, mikono minne, mpini wa kuinulia, na upepo ukija inazunguka yenyewe. Katika vyote mlivyonikabidhi, hiyo ndiyo peke yake inayofanya kilichokusudiwa. Haijawahi kuandikiwa kadi. Napendekeza mnitengenezee kubwa, muisimike katikati ya kiwanja, nyumba yangu iwekwe juu yake kama shuka.

Mpini uwe jikoni, karibu na birika. Mwendo uwe wa staha, chai isimwagike. Kuwe na kengele ndogo, si king'ora, watoto wa jirani wasishtuke. Gari la fundi likisimama barabarani, mimi nazungusha mpini taratibu. Mpaka atoe kalamu mfukoni, uzio umempita, jiko limempita, dirisha la chumba cha watoto limempita na ukungu wake wote, na mlango wa mbele umemfikia puani, nami nimesimama katikati yake na viatu vyangu, namwambia karibu. Akijaribu kuhamia upande wa pili, nyumba imfuate kama alizeti lifuatavyo jua. Akikimbia, tutaongeza mwendo.

Najua wahandisi wenu watauliza juu ya mabomba: nyumba ikizunguka, si yatakatika? Yangu yalikatika bila nyumba kuzunguka.

Na msidhani faida ni yangu peke yangu. Mama wa Kizanzibari wa nyumba ya tatu ataelekeza sebule yake sawasawa na kibla, ambayo kutoka hapa iko magharibi, badala ya kuswali amekaa mshazari kati ya jokofu na kochi. Majira ya baridi, ambapo jua la huku hupita kaskazini, tutageuza vyumba vya ukungu vikaote kama mamba, halafu jioni turudi mahali petu. Jumamosi moja kwa mwezi mtaa mzima unaweza kuzunguka pamoja, kwa tarumbeta. Kukabura, wale ndege wa huku, watatucheka kutoka juu ya mikaratusi, lakini wale hucheka hata sasa. Mke wa mzee wa Kisamoa nimemuuliza. Amesema nyumba yake haina haja ya mpini. Igeuzwe mara moja, itazame barabara, halafu ipigiliwe misumari.

Siku ya uzinduzi tuandae tepe mbili, moja mbele na moja nyuma, maana hatujui waziri atashukia upande gani.

Nina maombi mengine madogo, ambayo nayataja kwa kuwa stempu nimeshanunua. Basi moja baada ya saa moja usiku. Taa moja ya kichochoroni, si lazima iwe mpya. Ufunguo wa ukumbi wa jamii, ambao nasikia uko salama kwa mtu asiyekaa hapa. Yale maduka matano ya mtaani yafunguliwe: vizuizi vyake vya chuma vimeshushwa muda mrefu kiasi kwamba watoto wanadhani ni ukuta uliojengwa kwa ajili ya kuchorwa.

Majina ya barabara msiyaguse, hayo yanatufurahisha. Wenzetu wa Rosemeadow wamepewa wahusika wa Shakespeare, na wana hata Macbeth Way. Sisi tuliokisoma kisa hicho kwa Kiswahili, katika *Makbeth* ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, tunakumbuka kwamba usiku ule wa mauaji kuna mtu anayegonga lango la ngome, na bawabu, aliyelewa chakari, ananung'unika weee, halafu anafungua. Nyumba ina maiti ndani, mlinzi hajiwezi, na bado aliyegonga aligonga lango.

Na mkituita tena kutoa maoni, mkatuchomea soseji na kutugawia vibandiko vya rangi tubandike pale tunapopenda benchi liwe, naomba ramani mtakayotuletea iwe na nyumba zetu ndani yake. Mara ya mwisho nilibandika changu cha kijani mahali pa jikoni kwangu. Dada mmoja mwenye tabasamu aliniambia nimeweka benchi zuri sana kando ya njia ya baiskeli.

Kwa ajili ya kazi ya kugeuza, nitakuwa nyumbani kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, siku yoyote.

Wenu mtiifu,

Mpangaji.

Viambatanisho: kadi 14 (tatu zimelowa); picha ya mlango wa mbele; picha ya mlango huohuo, mimi nikiwa nimesimama hapo.

Nakala: Fundi, kupitia uzio wa nyuma, kati ya pipa jekundu na la njano.